Baiskeli ya mamilioni, cheni ya kutu

Wadau, leo siandiki siasa. Mada zipo nyingi, na wengine mmeshaanza kuniuliza mbona niko kimya juu ya hili na lile. Nitafika huko. Leo nina jambo ambalo kwa mtu wa nje litaonekana la kitoto. Kwa sisi tunaoamka saa kumi alfajiri siku ya Jumamosi, tukavaa zile nguo za kubana ambazo mama zetu wanaziangalia kwa jicho la pembeni, kisha tukaingia Barabara ya Bagamoyo juu ya matairi membamba kama kidole gumba, si la kitoto hata kidogo. Nataka kuongea kuhusu cheni, kitambaa, na fundi wa chini ya mwarobaini.

Kwanza niwatambulishe kwa wale wasiotufahamu. Baiskeli hapa Dar es Salaam siku zote imekuwa chombo cha muuza mkaa, muuza maji, mchuuzi wa samaki wa Feri na mlinzi wa usiku. Bado ni chombo chao. Ila sasa pembeni yao wamo wahasibu, madaktari, watu wa benki, wanachuo, na waandishi wa habari ambao mshahara wao unafariki dunia tarehe kumi na tano, wote wakiendesha baiskeli za mbio, hizi zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Nyingine zimekuja kwenye makontena ya mitumba kutoka Ulaya na Japani. Nyingine zimebebwa na shangazi kwenye ndege. Na zipo zilizoagizwa mpya kabisa, kwa bei ambayo mtu mwingine angenunua Vitz iliyotumika na chenji ikabaki ya kuweka mafuta.

Sina ugomvi na mtu kutumia hela yake. Mtu akifanya kazi, acha ajifurahishe. Ninachogombana nacho ni hiki: tumejifunza kununua baiskeli kabla ya kujifunza kuitunza, na wakati huohuo tumemdharau mtu pekee mtaani ambaye angeweza kutusaidia kuitunza. Matokeo yake tunapoteza hela, na kuna siku tutapoteza mtu.

Ingia kwenye kundi lolote la WhatsApp la waendesha baiskeli wa hapa mjini uone mazungumzo. Jumatatu hadi Ijumaa ni magurudumu ya kaboni: haya ni mepesi kwa gramu mia mbili kuliko yale, yale yanakata upepo vizuri zaidi, fulani kaleta mapya, hebu tupia picha. Gramu mia mbili! Jamaa anayeyataka ana kitambi cha kilo tisa (ananijua, na ninajua atasoma hapa). Halafu Jumamosi ikifika mnakusanyika gizani, mnaondoka, na kabla hamjafika Mwenge unaanza kusikia sauti. Kwi-kwi-kwi-kwi. Kama kifaranga kilichopotelewa na mama yake. Ni cheni kavu, na mara nyingi inatoka kwenye baiskeli ya bei mbaya kuliko zote.

Sasa naomba mnivumilie nieleze cheni, maana hapo ndipo hela zetu zinapoyeyukia.

Watu husema cheni imevutika. Chuma hakivutiki namna hiyo. Cheni ina pini na virola vidogo zaidi ya mia moja. Kila pini inasagana na kipande kilichoizunguka, na kila inaposagika kidogo, nafasi kati ya pini na pini inaongezeka kidogo. Ukijumlisha urefu wote, cheni inaonekana imerefuka. Cheni iliyorefuka haikai tena sawasawa kwenye meno, inapanda juu na kuyala taratibu hadi yachongoke kama ya papa. Ukifika hapo, hata ukinunua cheni mpya itakuwa inaruka kila unapokanyaga kwa nguvu, kwa sababu meno nayo yamekwisha. Unalazimika kununua kaseti nzima ya nyuma, na kama umechelewa sana, na sahani ya mbele pia. Cheni moja ni hela ya kuumwa na siafu. Kaseti na sahani pamoja ni hela ya kodi ya chumba.

Kupima huhitaji mtambo. Chukua rula ya futi moja au futikamba ya fundi seremala, yenye inchi. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, milimita 12.7, na imekuwa hivyo tangu enzi za babu zetu, kwa Phoenix ya muuza mkaa na kwa baiskeli iliyoshinda Ufaransa. Kwa hiyo nafasi 24 za pini zinatakiwa ziwe inchi 12 kamili. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu nafasi 24, angalia pini ya mwisho imeangukia wapi. Ikiwa imeupita mstari wa 12 kwa moja ya kumi na sita ya inchi, yaani milimita moja na nusu hivi, kwa baiskeli yenye giya 11 au 12 za nyuma cheni hiyo imemaliza kazi yake. Zile za zamani za giya 8 au 9 zinavumilia zaidi kidogo. Ikifika moja ya nane ya inchi, usijisumbue kuhesabu tena, nenda kaulizie bei ya kaseti.

Kinachoila cheni hapa kwetu ni mchanga. Ukitoka Tegeta kwenda Bunju unapishana na malori ya mchanga na ya saruji ya Wazo, na kila moja linamwaga kidogo. Ukienda Kigamboni unapata upepo wa bahari wenye chumvi. Masika inaleta tope, kiangazi kinaleta vumbi. Mchanga ukichanganyika na mafuta ya cheni unapata msasa wa majimaji, na huo msasa unazunguka nawe kilomita themanini. Hapo wengi wanakosea mara mbili. Wa kwanza haweki mafuta kabisa. Wa pili anamimina mengi, cheni inang'aa nyeusi, anajisikia amefanya kazi kubwa, kumbe ametega gundi ya kukamatia mchanga wote wa Boko.

Mafuta yanatakiwa yaingie ndani ya virola tu. Nje hayana kazi. Futa cheni kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kiache kutoka cheusi, dondosha tone moja kwa kila kirola huku ukizungusha pedali kinyumenyume, kaa dakika kumi unywe chai, kisha ifute tena kama vile hukuwahi kuipaka. Wenye subira zaidi wanaivua cheni, wanaiosha kwa mafuta ya taa mpaka iwe mbichi, wanaikausha, wanaichovya kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Nta ikiganda haishiki mchanga. Ni kazi ya jikoni, na kama umeoa omba kibali kwanza juu ya sufuria.

Na jamani, acheni kupeleka baiskeli kwa waosha magari! Naona kila Jumapili. Kijana wa watu anashika lile bomba la presha, anapiga maji katikati ya gurudumu, kwenye krenki, kwenye shingo ya usukani, mwenye mali amesimama pembeni na simu anapiga picha ya povu. Presha ile inasukuma maji na mchanga kupita mpira wa kuzuia, yanaingia kwenye beringi, yanaiondoa grisi, yanabaki humo. Nje inang'aa, ndani inaoza. Ndoo moja ya maji, sabuni, sponji na mswaki wa zamani vinatosha. Kisha kausha, hasa pale kwenye skrubu za usukani ambapo jasho lako linadondokea saa tatu mfululizo. Jasho ni chumvi. Nimeziona skrubu za usukani zimeoza hadi spana haishiki, kwenye baiskeli ambayo haijawahi kunyeshewa hata siku moja.

Sasa nije kwa fundi.

Karibu kila mtaa wa Dar una fundi baiskeli. Ana mti, ana gunia la vyuma chakavu, beseni la maji, pampu ya kusimama, spana tatu, tindo na nyundo. Sisi wa nguo za kubana tunamwogopa kwa sababu ya hiyo nyundo. Tunachekeana kwenye makundi: usimpelekee yule, atakupigia kaboni yako nyundo. Ni kweli, nyundo na kaboni havikai nyumba moja. Lakini kuna mtu amewahi kujiuliza nyundo ile ni ya nini? Krenki ya Phoenix, ya Hero, ya Avon na ya Raleigh za zamani imefungwa kwa pini ya chuma iliyochongwa mshazari, na pini hiyo inaingia kwa kugongwa na inatoka kwa kugongwa. Ndivyo ilivyoundwa. Fundi anatumia nyundo kwa sababu baiskeli aliyojifunzia inataka nyundo. Huo si ushamba. Baiskeli imebadilika, na hakuna aliyekuja kukaa naye kumweleza imebadilika vipi.

Tena mambo mengi hayajabadilika. Muulize mwenye baiskeli ya mamilioni pedali ya kushoto inafunguliwa kuelekea wapi. Wengi watashika spana na kuzungusha upande uleule wa kawaida, watakaza badala ya kulegeza, watamwita rafiki mwenye nguvu, na wakishirikiana wataua uzi wa krenki ya alumini. Fundi wa chini ya mwarobaini anajua usingizini kwamba ya kushoto inafunguka kinyume. Anajua kupanga gololi moja moja kwenye grisi na kukaza mpaka gurudumu lizunguke bila kucheza na bila kubana, kipimo ambacho kiko kwenye vidole vyake tu. Ninaye mmoja mitaa ya kwetu, mzee wa makamo, ananyoosha ringi kwa kuzipiga spoku moja moja na ukucha na kusikiliza mlio. Iliyolegea inatoa sauti nzito. Anaikaza robo mzunguko, anasikiliza tena. Hana kifaa cha kupimia. Nilimpelekea gurudumu langu la nyuma baada ya shimo moja la Mbezi Beach, akalinyoosha kwa dakika ishirini, na tangu hapo sijaligusa.

Mwaka jana tulikuwa kundi la watu tisa tunatoka Bagamoyo. Karibu na Bunju mwenzetu akapata pancha. Sababu ilikuwa ileile ya siku zote: uzi mwembamba wa chuma unaotoka kwenye tairi za malori zilizopasuka, umelala pembeni mwa lami kama unywele, unapenya tairi bila wewe kuona. Akabadilisha tyubu, hakupitisha vidole ndani ya tairi kuutafuta ule uzi, akajaza upepo, tukaenda mita mia tano, pancha tena. Tyubu ya akiba ikawa imekwisha. Akaenda kituo cha mafuta kilichokuwa karibu, akakuta bomba la upepo haliingii, kwa sababu vali zetu ni zile nyembamba na bomba lao ni la magari. Kile kipande kidogo cha shaba cha kuunganishia, kinachouzwa bei ya soda na kinachokaa kwenye mfuko wa siti bila kuonekana, hakuwa nacho. Baiskeli yenye giya za umeme, imesimama kama mbuzi aliyekataa kuvuka barabara.

Kulikuwa na fundi ng'ambo. Mzee alitoa tyubu, akaizamisha kwenye beseni, akaona mapovu, akakwangua, akapaka solusheni, akasubiri ikauke, jambo ambalo sisi wenye haraka huwa hatulifanyi, akabandika kiraka. Kisha akaingiza vidole ndani ya tairi akaupata ule uzi na kuung'oa kwa koleo. Mmoja wetu akatoa kipande cha shaba, pampu yake ikafanya kazi. Bei ilikuwa buku. Mwenzetu alilipa, na kitu cha kwanza alichosema tulipoondoka ni kwamba mzee amemchafulia utepe mweupe wa usukani.

Nilikaa kimya mpaka Tegeta. Sasa nasema.

Kwa buku moja yule mzee alimwokoa na kilomita thelathini na kitu za kusukuma au kubebwa na bajaji. Tunampa muuza kahawa wa Masaki mara nane ya hiyo hela kwa kikombe ambacho kina povu. Halafu tunashangaa kwa nini vijana hawataki kurithi kazi ya baba zao. Tembea mitaani uhesabu mwenyewe: chini ya miti ileile palipokuwa na fundi baiskeli, leo kijana wake anafungua injini za bodaboda, kwa kuwa huko ndiko kwenye wateja wanaolipa. Simlaumu hata kidogo. Ila miaka kumi ijayo, pancha ya Bunju nani ataiziba?

Kuna atakayeniambia: mwandishi, hizi zama zimepita, baiskeli zetu zinataka karakana ya kisasa. Sawa, tuzungumze karakana ya kisasa. Mwenzetu mwingine alipeleka baiskeli yenye breki za mafuta kwenye duka moja mjini, duka lenye kiyoyozi na risiti ya mashine. Breki zilikuwa zimelegea, zinahitaji kuongezwa mafuta. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini, yale mekundu mekundu. Duka likamwekea mafuta ya breki za gari, yale yanayouzwa kila kona. Aina hizo mbili hazichanganywi. Mafuta ya gari yanaifanya mipira iliyo ndani ya breki za aina ile ivimbe. Kwa siku chache breki zilikuwa nzuri tu, akawa anawasifia. Kisha ya mbele ikaanza kung'ang'ania, na Jumapili moja akiwa anateremka kutoka Kisarawe, akavuta breki, ikazama hadi kwenye usukani bila kushika chochote. Alitumia ya nyuma, akaingia majanini, akatoka na mikwaruzo na bega bovu la mwezi mzima. Lori lililokuwa nyuma yake lilisimama. Lingeweza lisisimame.

Kwa hiyo kiyoyozi si elimu. Fundi wa duka na fundi wa mwarobaini wote wawili wanahitaji kuambiwa na mtu anayejua, na anayetakiwa kujua wa kwanza ni mwenye baiskeli. Mafuta gani yanaingia kwenye breki zako imeandikwa palepale kwenye breki, kwenye kifuniko cha kisima chake. Kusoma hakuhitaji spana.

Na wale wa breki za zamani, za mpira unaobana ringi, msijione mko salama. Mchanga ukikaa kwenye ule mpira unasaga ringi kila unapofunga breki. Ringi nyingi zina kijishimo au mfereji mdogo pembeni, na ukiona umefutika, au ukipitisha kidole ukaona ubavu wa ringi umebonyea kama kijiko, usipande tena. Siku itapasuka haitakuchagulia mahali.

Turudi kwenye hii homa ya vitu vya kisasa. Giya za umeme za Shimano ziliingia sokoni mwaka 2009. Breki za diski zilikubaliwa rasmi kwenye mashindano ya barabarani mwaka 2018. Nimezijaribu zote mbili na siwezi kudanganya, ni nzuri. Giya inaingia kama unabonyeza kengele ya mlango, na betri inakaa safari nyingi kabla ya kudai umeme. Lakini vitu hivi vilitengenezwa kwanza kwa ajili ya timu zinazotembea na lori la karakana, mafundi watatu na baiskeli ya akiba juu ya gari. Wewe una nini nyuma yako? Una daladala inayopiga honi. Hapa kwetu, waya wa giya ukikatika Mapinga unaweza kuupata mwingine kesho yake Kariakoo. Kifaa cha umeme kikifa kwa chumvi, unasubiri shangazi asafiri. Ningekuwa naulizwa na mtu anayenunua baiskeli yake ya kwanza ya mbio leo, ningemwambia achukue fremu ya alumini au ya chuma, giya za waya, krenki yenye beringi za kukazwa kwa uzi badala ya zile za kusukumwa ndani ya fremu, na tairi pana ya milimita 28 au zaidi. Asizijaze upepo mpaka ziwe jiwe. Mtu wa kilo sabini hahitaji kupita psi 80 kwenye tairi hiyo, na mashimo yetu yatamshukuru. Hela inayobaki anunue cheni tatu.

Wanaodhani kushika grisi ni kujishusha, nawakumbusha Eugène Christophe. Mwaka 1913, kwenye Tour de France, foki yake ilivunjika akiteremka mlima Tourmalet. Sheria za wakati ule zilimtaka mkimbiaji atengeneze mwenyewe. Akaibeba baiskeli, akatembea zaidi ya kilomita kumi hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akaiunga foki mwenyewe kwenye moto huku wasimamizi wamesimama wanamwangalia. Wakampa na adhabu juu, kwa sababu mtoto mmoja alimsaidia kuvuta mivukuto. Sisemi turudi huko. Nasema tu kwamba mchezo huu ulizaliwa na watu wenye masizi mikononi.

Wala sihitaji kwenda hadi Ufaransa ya 1913. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alizaliwa Nairobi, na ujana wake alizunguka na David Kinjah na vijana wake wa Safari Simbaz kule Kikuyu. Pale kwa Kinjah kijana hajifunzi kukanyaga pedali tu, anajifunza kufungua baiskeli na kuifunga. Na mwezi Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kwenye ardhi ya Afrika. Wenzangu kadhaa walikwenda kuangalia. Wamerudi na picha za milima, za umati na za Pogačar. Nilipouliza nani alipita kuangalia mafundi wa timu wanavyoosha baiskeli jioni, nikaambiwa niache utani. Haukuwa utani.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinaweza kuanza mwezi huu. Kila kundi la Jumamosi lichange lipate sanduku moja la zana: kipima cheni, kikata cheni, kifungulia kaseti, vispana vya L vya saizi zote, na spana moja inayopima nguvu ya kukazia, maana skrubu nyingi za kwenye kaboni zinaandikwa mwisho wake, 5 Nm, na mkono wa binadamu hauwezi kubahatisha. Sanduku hilo likae kwa fundi mmoja wa mtaani mliyemchagua, siyo nyumbani kwa mwenyekiti. Anayejua kidogo miongoni mwetu akae naye Jumamosi mbili tatu, wafungue baiskeli pamoja. Kisha alipwe kama fundi, kwa kazi aliyoifanya, siyo kwa buku ya huruma.

Sisi tumeshaanza, na yule mzee wangu wa kusikiliza spoku. Siku ya kwanza alipokea ile spana ya kupimia, akaigeuzageuza, akakaza skrubu ya nguzo ya siti mpaka ikalia "tak". Akaniangalia. "Kijana wangu, imevunjika?" Nikamwambia hapana mzee, inasema imetosha. Akairudia mara tatu kwenye skrubu zingine, kisha akamwita mwanawe aache pikipiki aliyokuwa anaifungua aje kusikiliza.

Shida tuliyobaki nayo ni kikata cheni. Tumeshanunua vitatu Kariakoo na vyote vimepinda pini wiki ya kwanza, kimoja mbele ya macho ya mzee, ambaye alicheka na kutuuliza kama sasa anaruhusiwa kuchukua nyundo. Anayejua duka linalouza kilicho imara aniandikie, na bei aiweke kabisa.